Viroboto wa Serikali na Glasi ya Kwanza

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali haifunguliwi mpaka uonyeshe kibali. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu", na nyinyi msijifanye hamjui. Mimi ni Kasanda, fundi baiskeli. Shule niliishia darasa la tatu, mwaka ule walimu walipopelekwa wote kwenye semina ya umuhimu wa walimu. Hawajarudi hadi leo. Haya ninayoandika si malalamiko. Malalamiko yana dirisha lake, limezibwa kwa tofali. Haya ni habari tu.

Kwanza mjue habari ya glasi.

Kwetu mradi wa maji haufunguliwi kwa kukata utepe. Utepe ni mambo ya barabara. Bomba hufunguliwa kwa glasi ya kwanza. Mwanamke wa mtaa husika, mwenye sifa njema na kanga mpya, anasimama juani mbele ya meza kuu, anakinga glasi, anakunywa yote bila kupumua, halafu anatamka neno moja: "Tamu!" Hapo ndipo vigelegele hupigwa na hotuba huanza. Pasipo "tamu", mgeni rasmi hafungui mdomo. Ndiyo mila. Wakubwa wetu, ambao mila nyingine wamezisahau pamoja na vijiji vyao, hii wanaiheshimu mno, kwa sababu anayekunywa si wao.

Mke wangu marehemu, Nyamizi, alikuwa na "tamu" ya kipekee. Alipoitamka mara ya kwanza, Mheshimiwa Ngunguti, Waziri wa Maji na Utulivu, alitoa leso akajifuta machozi, akasema huyu mama ni hazina. Tangu hapo hakuna bomba lililofunguliwa wilayani bila Nyamizi. Bomba letu la Mtaa wa Matofali peke yake lilifunguliwa na waziri, likafunguliwa na naibu wake, likafunguliwa tena kampeni zilipofika, ingawa katikati hapo hakuna aliyeona likifungwa. Kila mara Nyamizi alikunywa. Maji yenyewe yanavutwa ziwani, pale pale kiwanda cha ngozi cha shemeji yake Mheshimiwa kinapotemea maji yake. Yana rangi ya buluu, mazuri hayo, ukiyatazama kwa mbali utadhani mbingu imedondoka.

Ikaanza miguu kuvimba. Ikafuata uso. Hospitali wakasema figo. Taarifa ya Wizara ikasema figo za marehemu "hazikutoa ushirikiano wa kutosha". Wakaleta na shada la maua ya plastiki lenye nembo ya kiwanda. Nikashukuru. Mtu wa darasa la tatu anajua nini kuhusu figo?

*

Baada ya hapo wafadhili kutoka nchi za baridi wakatuletea sanduku.

Lilikuwa sanduku la kioo lenye waya, kamera na king'ora, na ndani yake maji, na ndani ya maji viroboto. Tuliitwa wote kwenye uwanja wa mtambo wa maji kuelezwa. Aliyeeleza ni kijana wa Wizara, Lwitiko, aliyesomea mambo hayo huko huko kwenye baridi.

"Hawa tunawaita viroboto-maji," akasema, "lakini wazee wangu, hawa si wadudu. Ni jamaa ya kamba na uduvi, ila wanaishi maji ya ziwa na madimbwi. Ukubwa wao punje ya ulezi."

"Kwa hiyo serikali imeajiri viroboto?" akauliza mtu nyuma.

"Afadhali hao, hawadai posho!" akajibu mwingine. Watu wakacheka mpaka Mkurugenzi wa Maji, Bwana Tindwa, akaandika majina ya waliocheka.

Lwitiko akaendelea. Mwili wa kiroboto-maji ni kama kioo, ukimweka kwenye mwanga unaona moyo unavyopiga. Karibu wote ni majike, na jike huzaa bila kumsubiri dume. Hapo akina mama walipiga makofi. Pua hana, lakini mbele ya uso ana vipapasio vifupi vyenye vinywele, na vinywele hivyo ndivyo vinavyomwambia kuna nini majini.

"Sumu ambayo wewe utaijua ukishalazwa," akasema, "yeye anaijua sasa hivi. Anarukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Ikimzidi, anazama chini. Kamera inamwona, king'ora kinalia, mtambo unafungwa kabla maji hayajafika bombani kwako."

Binti yangu Kabula akanyoosha mkono. Kabula anafyatua matofali, na mkono wake ukinyooka unaonekana. "Kaka mtaalamu, hawa lazima watoke Ulaya?"

"Hawa wa sandukuni ndiyo, dada. Lakini ndugu zao wamo hata kwenye mashimo yenu ya matofali, mvua ikishatuama."

Bwana Tindwa akamnyang'anya kipaza sauti. Akasema kuanzia leo viumbe hawa ni watumishi wa umma, na mtumishi wa umma hula kiapo. Wakasomewa kiapo chote, pamoja na kifungu cha kutunza siri. Kwa kuwa viroboto-maji muda wote hupanda na kushuka, panda shuka, ikaandikwa kwamba waliitikia kwa vichwa, wote, bila kulazimishwa.

*

Wakaunganisha sanduku na bomba linalotoka ziwani. King'ora kikalia.

Kilikuwa hakijamaliza hata kulia vizuri, Bwana Tindwa akaamuru kizimwe. Wakakizima, wakakiwasha, kikalia. Wakabadilisha waya, kikalia. Wakabadilisha fundi, kikalia. Mtaani watu walibeba magodoro wakidhani soko linaungua. Mimi nilikuwa naziba tairi, nikajikuta nimesimama katikati ya barabara na gundi mkononi, namwambia mtu nisiyemjua, "Umesikia? Umesikia?" Akaniambia, "Mzee, mji mzima umesikia." Lakini nilitaka asikie zaidi. Nyamizi alikuwa hajatimiza siku arobaini kaburini.

Kamati ya Utulivu ikakaa. Lwitiko alipoulizwa, alisema jambo moja tu: maji yana sumu, fungeni kiwanda. Ikaonekana kijana amechoka, anahitaji mabadiliko. Mheshimiwa Ngunguti akatoa tamko redioni:

"Ndugu wananchi! Taifa hili limekunywa maji tangu enzi za mababu, na mababu hawakuwa na king'ora! Hatutakubali, narudia, hatutakubali kutiwa taharuki na kiumbe asiye na uti wa mgongo, asiye na kitambulisho, na ambaye baba yake hajulikani! Maji yetu ni salama. Walio na kasoro ni hao wanaoyaonja. Kiwanda kitaendelea, na viroboto watafundishwa adabu!"

Adabu yenyewe aliibuni Bwana Tindwa. Alikuwa amesoma mahali kwamba samaki wadogo hula viroboto-maji. Akaagiza samaki mmoja, perege wa makamo mwenye macho makali, akawekwa kwenye chumba cha juu cha sanduku, nyuma ya wavu, maji yapite kwake kwanza ndipo yawafikie viroboto. Akapewa cheo cha Msimamizi wa Nidhamu, na sare akakosa kwa sababu tu ya mapezi.

Na kweli, ndugu zangu, viroboto wakatulia. Walishuka wote chini kabisa, kwenye kona yenye giza, wakabanana. King'ora kilikuwa na masikio mawili, kwa maneno ya Lwitiko: sikio la kusikia wanaporuka ovyo na sikio la kusikia wanapoacha kuruka. Hilo la pili Bwana Tindwa alilichomoa waya. Alisema katika nchi yetu kutulia hakujawahi kuwa kosa.

Kisha likatokea jambo lililowafanya wakubwa waagize keki. Watoto wa viroboto waliozaliwa mle sandukuni vichwa vyao vilichongoka, vikawa kama kofia ya chuma. Bwana Tindwa alipiga simu Wizarani akilia kwa furaha. "Mheshimiwa, wamejiunga na jeshi!"

*

Lwitiko alipata uhamisho kwenda Idara ya Volkeno, ambayo iko mkoa usio na volkeno. Siku ya kuondoka baiskeli yake ilipata pancha mbele ya kibanda changu.

"Kijana," nikamwambia, "hebu niambie. Wale wamezoea sumu?"

"Hawajazoea kitu, mzee. Vile vinywele vinanusa samaki pia. Wakinusa samaki hujificha gizani, na watoto wao huota kofia ili wasimezeke. Sumu ipo, wanaihisi, na wengine wanakufa huko gizani. Ila wanaogopa samaki kuliko sumu."

"Kama sisi."

Akatazama huku na huku. "Mimi sijasema hivyo, mzee."

"Hata mimi sijasema. Panda baiskeli yako uende zako."

*

Sasa ikabidi bomba lifunguliwe upya, safari hii kama Bomba Lililothibitishwa na Sayansi. Bwana Tindwa akaja kibandani kwangu mwenyewe kwa miguu, gari likimfuata nyuma taratibu.

"Shikamoo, Mzee Kasanda."

Mkubwa akikuamkia shikamoo, shika kitu. Nikashika pampu. "Marahaba."

"Wizara haimsahau Mama Nyamizi. Tumekaa, tumetafakari, tumeona heshima ile isitoke nje ya ukoo. Glasi ya kwanza atakunywa binti."

"Mkurugenzi, huyu ndiye niliyebakiwa naye."

"Ndiyo maana ni heshima kubwa."

"Mama yake alikufa kwa glasi hizo hizo."

"Mzee, mzee." Akaniwekea mkono begani. "Safari hii tuna sayansi. Umesikia king'ora? Hujasikia. Basi!" Akaingia kwenye gari, likageuka, likanimwagia vumbi.

Nilimkuta Kabula mashimoni, tope hadi magotini. Nikamwambia funga nguo, nenda kwa mjomba wako leo hii. Hakuacha hata kufyatua.

"Nitakuja kunywa, Baba."

"Umerogwa?"

"Nikiondoka watamchukua Pili wa Bi Siwema. Ana mimba, Baba. Unataka anywee wawili?"

"Wamchukue nani, wasimchukue nani, mimi sijui! Mimi najua wewe!"

"Nenda nyumbani ukanywe uji."

Uji upi? Kuanzia hapo sikuweza kukaa. Nilikuwa naanza kuziba tairi hili nahamia lile, nafungua nati nasahau nafungua ya nini. Wateja wakachukua baiskeli zao na kwenda kwa wenzangu. Nilikwenda ofisi ya mtaa wakaniambia jambo hilo ni la wilaya, wilaya wakaniambia ni la mila, nikauliza ofisi ya mila iko wapi wakacheka. Nikirudi, Kabula hayupo. Yuko mashimoni na chujio la chai na chupa ya kioo, anachota, anatazama kwenye jua, anamwaga, anachota tena. Nikasema basi, huzuni ya mama yake imempanda kichwani.

*

Siku ya ufunguzi turubai lilikuwa la wakubwa na jua lilikuwa letu. Sanduku la kioo liliwekwa katikati ya meza kuu, limevikwa bendera. Ndani, viroboto wa serikali walikuwa wamejikunyata chini na kofia zao. Juu yao perege alikuwa anaelea tumbo juu.

"Msimamizi wenu mgonjwa?" mtu akapaza sauti.

"Anapumzika," akasema Bwana Tindwa.

"Tumbo juu?"

"Kila mtu na anavyopumzika!"

Kabula akaitwa. Alikuwa amevaa kanga mpya waliyompa, imeandikwa jina la kiwanda mgongoni. Akafungua bomba. Maji yakatoka meupe, yanang'aa. Maana ile buluu, ikipita kwenye machujio yao, huondoka rangi tu, sumu hubaki. Akakinga glasi ikajaa. Mheshimiwa Ngunguti alikuwa amesimama tayari, kipaza sauti mdomoni, karatasi za hotuba zimeshikwa na askari kwa sababu ya uzito. Mimi nilikuwa nimeanza kwenda. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini, kuipiga kofi glasi ile au kuinywa, lakini askari wawili walinikamata kwenye kamba ya kuzuia watu.

Kabula akainua glasi. Halafu mkono wa pili ukaingia ndani ya kanga, ukatoka na ile chupa ya kioo. Ndani yake vitu vidogo vilikuwa vinapanda na kushuka, panda shuka, vingi, vimejaa raha. Akamimina nusu ya glasi humo.

"Wewe! Binti! Unafanya nini?" Bwana Tindwa akaruka.

"Natimiza mila, Mkurugenzi. Mila inataka mwanamke wa mtaa huu. Hawa ni majike, mtaalamu wenu alisema. Na wamezaliwa mashimoni kwetu, hakuna mzaliwa wa mtaa kuwashinda. Ngoja wanywe, waseme."

Akaiinua chupa juu, juani, watu wote waione. Wale viumbe wakaanza kuzunguka. Haikuwa tena panda shuka. Walikwenda upande, wakapinduka, wakagongana na kioo, kama watu wanaotafuta mlango kwenye nyumba inayoungua. Mmoja akazama. Wawili. Halafu wakawa wanazama kama vumbi linavyotua. Mheshimiwa alikuwa bado na kipaza sauti mdomoni.

Bibi mmoja mbele kabisa akauliza, si kwa kelele, kama anayetaka tu kujua: "Mbona hawajasema tamu?"

Hakuna aliyecheka. Na kwa kuwa "tamu" haikusemwa, hotuba haikuweza kuanza. Mheshimiwa alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Tindwa, Tindwa akamtazama perege. Kwa mara ya kwanza tangu nchi yetu iwe nchi, waziri aliondoka mahali bila kuhutubia. Wanasema njiani ilibidi asimamishiwe gari ahutubie mbuzi, vinginevyo angepasuka.

Kabula wakamkamata hapo hapo.

*

Mashtaka yalikuwa kuhujumu hotuba. Adhabu yake kwetu ni kifungo kirefu kuliko cha wizi, kwa sababu mali huweza kurudishwa.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kengele. "Mheshimiwa Hakimu, viroboto wale walikufa kwa mshtuko wa kumwona Waziri! Viroboto wa mashimoni hawajazoea wakubwa. Hufa wenyewe. Ili kuthibitisha, upande wa Jamhuri umechota wengine leo hii, hawa hapa, na Mahakama itawaona wakifa bila kuguswa na mtu." Akaweka chupa mezani, karibu na jagi la maji la Hakimu.

Tukasubiri wafe. Hawakufa. Mwendesha mashtaka aliongea, viroboto wakacheza. Alinukuu katiba, wakacheza. Jasho likamtoka. Kabula alikuwa kizimbani, midomo imepasuka kwa ukavu. Tangu alipowekwa mahabusu alikataa maji yao, anaishi kwa muwa niliokuwa nampelekea. Mimi nilikuwa natazama midomo ile tu.

Joto lilikuwa kali. Hakimu akajimiminia maji, akainua glasi, ikafika mdomoni. Ikasimama. Macho yake yakaenda kwenye chupa. Glasi ikashuka taratibu mezani.

"Karani," akasema. "Kijiko."

"Mheshimiwa?"

"Mahakama inataka kujiridhisha."

Akachota kijiko kutoka glasi yake mwenyewe akatia kwenye chupa, halafu kingine, halafu vingi. Watu wakasogea. Askari wakasogea. Hata mwendesha mashtaka akainama kutazama. Hakuna aliyeambiwa akae chini. Viroboto wakaanza kwenda upande.

Hakimu alitazama mpaka wa mwisho alipotua. Akaondoa miwani, akaisafisha kwa joho, akaivaa, akatazama tena, kama anayetumaini miwani ndiyo yenye kosa.

"Mahakama hii," akasema, "haiwezi kumfunga mtu kwa kosa la kukosa kiu. Mshtakiwa aachiwe. Karani, mwaga hilo jagi, nitafutie soda."

*

Mheshimiwa Ngunguti hakuadhibiwa, msiwe watoto. Amepandishwa, sasa ni Waziri wa Maji, Utulivu na Samaki. Kiwanda kinatema buluu yake kama kawaida. Sheria mpya imekataza raia kumiliki kiumbe mwenye vipapasio.

Lakini siku ile nilirudi nyumbani na mwanangu, na hilo hawawezi kulifuta. Kabula alijitupa kwenye mkeka akasema, "Baba, maji."

Nikaenda kwenye ndoo. Ilikuwa imejaa maji ya bomba, safi, unaona mpaka chini. Nikasimama na kata mkononi. Mkono ukakataa. Nikaibeba ndoo nzima, nikaimwaga nyuma ya nyumba, nikatoka nayo tupu. Nilipita mbele ya bomba la serikali linatiririka bure, halina mtu, nikaenda mashimoni kuchota maji ya tope, ya kuchuja kwa kitambaa na kuchemsha, kwa sababu humo tu ndimo mlimokuwa bado na kitu kinachoruka.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nikakuta foleni imezunguka shimo. Bi Siwema na Pili wake na tumbo lake. Askari mmoja kati ya wale walionikamata kwenye kamba, hana sare, ana dumu. Karani wa mahakama. Na kule mwisho, amejifunika mtandio mpaka kwenye pua, mke wa Mkurugenzi Tindwa.

"Shikamoo mzee," akaniambia, hanitazami. "Nimekuja kuangalia matofali tu. Tunajenga."

"Na hizo ndoo mbili, mama?"

"Za kubebea matofali."

Kisha kwa mazoea akaanza kupita pembeni kwenda mbele, kama wanavyopita siku zote.

"Foleni, mama," akasema Pili, mkono kiunoni.

Yule mama akasimama. Akarudi nyuma, akaja akasimama nyuma yangu, akashusha ndoo zake chini bila kelele. Mbele yetu shimo lilikuwa limebaki maji ya kufika magoti, na mawingu hakuna. Watu walikuwa wanachota kwa adabu, kidogo kidogo, wanapulizia uso wa maji kabla ya kuzamisha kata wasije wakachota viroboto wengi. Nikafikiria Kabula kwenye mkeka, midomo yake. Nikahesabu ndoo zilizo mbele yangu, nikatazama shimo, nikahesabu tena.